Majibu Aliyojiandikia

Kaka yangu ni mtaalamu wa maabara, na mtaani walimwita Daktari wa Vikopo. Jina hilo halikumuudhi. Kazi yake ilikuwa kuinamia hadubini kutwa nzima, na hospitalini hapakuwa na mwenye subira kumshinda kwa wanaume waliokuja kupimwa uzazi. Walifika wamenywea, kofia zimeshuka hadi kwenye nyusi, kikopo cha sampuli kimeviringishwa gazeti. Kaka aliwaambia, "Usiogope, ndugu yangu. Kipimo kimoja hakitoshi. Rudi baada ya wiki chache turudie, ndipo tuseme." Kanuni ya kazi yake, basi, aliijua vizuri sana.

Mimi ni dada yake, na mdomo wangu hauna breki. Aliyeumia kwa mdomo huo ni wifi yangu, fundi cherehani, mtu mpole hadi anakera. Ndoa yao ilipotimiza miaka mitatu bila mtoto, kila nikienda kwao sikukosa la kumwambia. "Wifi, hiki chumba cha pili mnamfugia nani, panya?" Yeye alicheka kidogo na kuendelea kushona. Nilijiona mcheshi. Kaka alikuwa palepale, anakunywa chai.

Daktari wa uzazi wa hospitali hiyohiyo alitaka wapimwe wote wawili. Wifi alitolewa damu kuangaliwa homoni, akapigwa utrasaundi. Kaka aliamua kujipima mwenyewe. Asubuhi moja aliwahi kazini kabla ya wenzake, akaweka tone la shahawa kwenye kioo, akaangalia. Hakuona mbegu hata moja. Ingekuwa ya mgonjwa mwingine, angeipitisha kwenye mashine ya kuzungusha, inayokusanya hata mbegu chache zilizojificha, kisha angemwambia arudi tena. Yake mwenyewe aliikatia tamaa kwa tone moja. Akatupa kioo, akachukua fomu, akajaza hesabu ya mwanamume asiye na kasoro, akagonga muhuri. Daktari hakuwa na sababu ya kumshuku mtu wa maabara yake.

Kwa hiyo kasoro ikatafutwa kwa wifi, miaka mitano. Vidonge vya kupevusha mayai vilimtoa jasho na kumliza bila sababu. Akapigwa ile picha ya mirija, ya kusukumiwa dawa kwenye mfuko wa uzazi, akarudi amejikunja kwenye kiti cha nyuma cha teksi. Mirija ilikuwa wazi. Kaka alimwekea chupa ya maji ya moto tumboni, akamwambia, "Pole, mke wangu. Vumilia, Mungu yupo." Na mimi, siku hiyohiyo, nikiwa nimekaa kitandani kwake, nilimwuliza kama hamwonei kaka yangu huruma. Hadi leo nikikumbuka natamani ardhi inimeze. Kaka aliinuka kwenda kubadilisha maji.

Mwishowe daktari akaamua amfanyie operesheni ndogo ya kuingiza kamera tumboni. Nilikwenda nao kubeba mkoba. Wifi alikuwa ameshavaa gauni la wagonjwa na anacheka na nesi jinsi pindo lake lilivyoshonwa ovyo. Nesi akaleta fomu ya ridhaa. Wifi akatia saini, akampa mumewe atie yake kama shahidi. Kaka akashika kalamu, akabaki anaitazama karatasi.

"Kaka, saini basi, watu wanasubiri," nikamhimiza.

"Siwezi," alisema. Akamrudishia nesi kalamu. "Ile fomu ya majibu yangu niliiandika mwenyewe. Sikuona mbegu. Tangu mwanzo, sikuona hata moja."

Nilitegemea wifi apige kelele. Alimwomba nesi nguo zake, akajifungia chooni kubadilisha, akakaa humo muda mrefu.

Kaka alipimwa upya mara mbili, kwenye maabara nyingine, na safari hii mashine ya kuzungusha ikatumika. Mbegu zilikuwepo, chache mno. Mishipa ya korodani ilikuwa imevimba, jambo ambalo mara nyingi hutibika, na hata hizo chache zingeweza kutumika kutungisha yai kimaabara. Mimi nilishaanza kutabasamu. Kisha daktari akafungua majibu mapya ya wifi. Alianza matibabu akiwa na miaka thelathini na nne, sasa ana thelathini na tisa, na akiba yake ya mayai imeshuka sana.

"Tutajaribu," daktari alisema. "Ila miaka mitano iliyopita ningekuwa na matumaini makubwa zaidi."

Kaka alifunika uso kwa viganja. Tulipotoka nilimshika wifi mkono pale kwenye korido, machozi yananitoka mbele za watu.

"Nisamehe, wifi. Nimekukata maini miaka yote hii."

"Wewe ulikuwa hujui," alisema. "Na maneno yako, kila uliponipa nilikutukana moyoni, nikapoa." Kaka alikuwa nyuma yetu, ameshika bahasha ya majibu. Wifi hakumtazama. "Lakini zile pole zake nilikuwa nazipokea. Nilikuwa namshukuru."