Kidoti kwenye shavu la shujaa

Saa nne asubuhi, mlango umekazwa kwa komeo na fundi amezuia pumzi. Ameinama kama anayemtoa mtoto mwiba. Mbele yake, juu ya kizibo cha chupa, amesimama shujaa wa kike mwenye mbawa za popo. Kimo chake hakizidi kidole gumba. Ncha ya brashi inagusa jicho, inatoka.

"Jicho likienda upande, shujaa anageuka kichekesho," anasema, akishusha pumzi.

Majirani humwita Mama Kucha, kwa kuwa aliishi kwa kupaka rangi kucha. Saluni ilipofungwa, mteja wake mmoja aliyehamia mbali alimuuliza kama mkono uliochora maua kwenye kucha unaweza kupaka visanamu vya mchezo wa mezani: mazimwi, majoka, mashujaa wa kubuni. Akajaribu. Watu wa huko wakaona picha, nao wakaanza kumwandikia.

Mumewe, mpiga picha za pasipoti, hakuwa na habari.

"Wifi ndiye aliyewasha moto," anasema Mama Kucha.

Wifi huyo anapanga chumba cha jirani. Alimwita kaka yake kando, akamwambia: "Mkeo anajifungia na simu mchana kutwa. Mimi simo, nakwambia tu."

Mume hakuuliza. Alianza kurudi nyumbani ghafla, eti amesahau betri. Alisimama kwenye korido akitega sikio. Siku moja alikuta simu mezani, na ujumbe wa mwanamume asiyemjua: "Ni mzuri kuliko nilivyotarajia. Nipigie picha ya mgongoni pia, bila joho."

"Nilikaa kitandani," anakumbuka mume. "Nikasema basi, ndoa imeingia maji."

Mkewe alipotoka bafuni alimkuta amenyoosha simu kama shahidi.

"Huyu ni nani?"

Mkewe alivuta droo, akamweka shujaa kwenye kiganja cha mumewe, akamvua kijoho chake cha plastiki.

"Huyo ndiye anayetakiwa mgongoni."

Kwa nini alificha? Hapo Mama Kucha anapunguza sauti, ingawa mumewe yupo chumba cha pili. "Studio yake ilikuwa inakata roho. Watu wanajipiga wenyewe kwa simu. Ningemwambiaje kwamba mimi napiga picha vidoli, na ndivyo vinavyolipa kodi ya nyumba? Nilimdanganya kuwa ni akiba ya saluni."

Mume aliziangalia picha alizokuwa akituma mkewe. Zilikuwa na ukungu na vivuli vya dirisha. Shaka ikamrudia kwa mlango mwingine. "Picha mbaya hivi, na bado anasifia? Huyo mtu ana lake jambo."

Kesho yake alileta taa za studio, akatengeneza boksi la kadibodi nyeupe, akafunga lenzi ya kukuza vitu vidogo. Alipolenga uso wa shujaa, akasogea karibu zaidi. Chini ya jicho la kulia palikuwa na kidoti cheusi, mahali pale pale ambapo mkewe ana chake.

"Huyu ni wewe," alisema. "Nani kakuagiza umpake hivi?"

Mkewe alishangaa kweli. Akamwonyesha kioo kidogo kinachokaa kando ya rangi. "Najitazama nijue kivuli cha shavu kinaangukia wapi. Sina uso mwingine wa kutazama."

Mume hakuridhika. Alidai picha za kazi zote za nyuma, akazikuza moja baada ya nyingine. Kila uso ulikuwa na kidoti.

"Hata zimwi lenye meno ya nguruwe lilikuwa nacho," anasema mume. "Hapo nikacheka hadi dada yangu akaja kugonga mlango."

Tangu hapo, mke anapaka, mume anapiga picha. Ila ujumbe wa yule mwanamume asiyejulikana huusoma mume kwanza. Wifi naye hupita dirishani mara nyingi kuliko anavyohitaji.

Mwezi ujao kuna maonyesho ya wapaka visanamu katika mji wa jirani. Mama Kucha anataka shujaa wake awekwe na majina mawili, la mpakaji na la mpiga picha, ili baadaye wafungue chumba cha kazi ndani ya studio.

Mumewe anafuta lenzi, kisha anauliza bila kuinua macho:

"Na yule wa mgongoni atakuwepo?"

"Amesema atakuja."

Anaendelea kufuta. "Basi nitavaa suti."