Kochi la Rangi ya Papai

Mume wangu hubadilisha rangi za makochi, na hajawahi kushika brashi. Dukani kwao kuna kochi moja tu la kupigwa picha, la kijivu, linakaa stoo likiwa limefunikwa nailoni. Walilipiga picha mara moja, asubuhi moja yenye jua zuri, wakamaliza. Yeye hukaa mbele ya kompyuta, hulizungushia mstari ili rangi isitapakae, hubofya kile kijivu, na kochi linakuwa la bluu, la kijani, la zambarau. Mteja akichagua, fundi hutafuta kitambaa kinachofanana na kutengeneza jipya.

Mama yangu hakuwahi kuielewa kazi hii. Mume wa dada yangu ni fundi bomba. Akija, anaacha bomba limepona. Huyu wangu akija, anaondoka ameshiba tu. Tangu tuoane Mama anamwita "yule kijana", na kijana mwenyewe ana kipara. Jambo hilo linamkata maini, ingawa mbele ya watu hucheka.

Siku moja, kazi ikiwa imemchosha, alilitia kochi rangi ya papai lililoiva akaiacha picha humo humo kati ya nyingine. Mama akaiona kwenye simu yake, katika ukurasa wa duka. Akaagiza kochi bila kutuambia, akapaka kuta za sebule ziendane nalo, kisha akamwalika dada yake, Mama Mkubwa, mwanamke ambaye hana jema. Akamwambia kochi limetiwa rangi na mkwe wake mwenyewe. Mkwe! Nilipompa mume wangu habari hiyo, badala ya kufurahi aliketi sakafuni.

"Kitambaa hicho hakipo," akasema. "Ile rangi niliitunga tu."

Akampigia bosi wake. Bosi hakubabaika hata kidogo.

"Mpelekeeni la kijivu. Mtu akishalikalia kochi, halioni tena."

Likapelekwa la kijivu, nasi tukaandamana nalo. Pale sebuleni, kati ya kuta za papai, lilikaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Mama akatazama simu, akatazama kochi, akaenda kufungua pazia vizuri. Mume wangu akamsogelea.

"Mama, nisamehe. Mimi sipaki rangi makochi. Napaka picha za makochi."

Mama akaketi taratibu. Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka mikono. Miaka yote ile mtu anangoja kuitwa mkwe, anaitwa mara moja, na sasa anavuliwa kabla hata hajalizoea jina.

"Dada yuko getini," Mama akasema. "Unapaka picha, siyo? Basi paka picha."

Mama Mkubwa aliingia mdomo ukiwa tayari. Kabla hajautumia, Mama alimvuta akamkalisha kando yake, na mume wangu akawapiga picha. Akaiingiza kwenye kompyuta aliyokuja nayo, akabofya kijivu. Kwa ile haraka alisahau kuzungusha mstari. Kila kilichokuwa cha kijivu kikageuka papai: kochi, paka wa jirani aliyekuwa dirishani, na mvi za wazee wote wawili.

Alitaka kuifunga, lakini Mama Mkubwa alikwisha kuomba miwani. Akaitazama picha kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwake. Kuhusu kochi hakusema lolote. Akajishika kichwa.

"Nywele hizi zinapatikana wapi?"

Mama akajiweka sawa kwenye kochi lake la kijivu.

"Hazipatikani popote," akajibu. "Anazitengeneza mwanangu."

Mume wangu akainamia kompyuta, akawa anakifuta kioo kwa shati lake, anakifuta tu, na kioo kilikuwa safi.