Alhamisi ya Ubani

Mboni hakuwa mtu wa kukaa. Mimba yake ilipoingia mwezi wa saba, alikuwa akitoka uani, anaingia ndani, anatoka tena, na ukili anaousuka uko mkononi. Sisi majirani zake wa Tongoni tukamtania kwamba mtoto atazaliwa anatembea. Hakucheka. Alikuwa akiiogopa Alhamisi, kwa sababu siku hiyo mama mkwe wake, Bi Asmahani, angemfukiza ubani.

Mboni alikuwa na pumu tangu utotoni, na alijua inakotokea: sufi ya mto mpya, moshi wa kuni mbichi, vumbi la kupepeta mpunga. Vyote alivikimbia. Mwaka wa 1954, alipotaka kushika mimba, alikwenda kwanza kwa Eliudi, dresa wa dispensari, Mshambaa mwenye sauti ya upole. Akapewa vidonge.

"Ukishika mimba usiviache bila kuniuliza," alimwambia. "Pumzi yako ndiyo ya mtoto. Na moshi, dada, ukae nao mbali."

Rahisi kusema ukiwa dispensari. Huku kwetu mja mzito akihema huambiwa ana pepo, na pepo hutakiwa ubani. Bi Asmahani hakuwa mtu mbaya, nalisema wazi, maana watu hupenda kuwafanya mama wakwe wote wachawi. Alimpenda Mboni, akimpikia uji kwa mkono wake. Lakini kukikataa chetezo chake cha ubani kulikuwa sawa na kumtukana mbele ya mji mzima. Uweso, mume wa Mboni, alipoombwa aseme na mama yake, alijikuna kichwa akaenda zake pwani. Wanaume hawa!

Alhamisi ikafika, wanawake tukajaa ukumbini. Mboni akakalishwa juu ya kigoda, chetezo chini yake, akafunikwa shuka zito gubigubi. Ubani ukapanda. Tulimsikia akikohoa, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi.

"Pepo huyo anapanda," mmoja akasema. "Mwongezeni!"

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mboni alilitupa shuka, akasimama, akatoka nje akipepesuka, midomo imemgeuka rangi.

Bi Asmahani alimfuata kwa hasira. "Wanitia haya mbele ya wenzangu, Mboni?"

Mboni alifungua pindo la kanga, akameza kidonge, kisha akaushika mkono wa mama mkwe na kuubana tumboni mwake.

"Mama," alisema. "Hachezi."

Niliona uso wa Bi Asmahani ukimshuka. Alipiga magoti mchangani, mkono pale pale, na kila aliyetaka kusogea alimfukuza. Mboni aliinama, akaivuta pumzi kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nikizunguka kisima cha uani kama mwendawazimu, nikisoma kila dua niliyoijua na nyingine nikizikata katikati.

Muda ulikwenda. Filimbi ikapungua. Mara mkono wa Bi Asmahani ukashtuka: mtoto amepiga teke.

"Huyo," akasema. "Huyo, alhamdulillahi."

Tulianza kupiga vigelegele, lakini yeye hakuinuka. Alikuwa akilia.

"Binti yangu Mwanasiti, niliyemzika na mimba yake," alisema, "kifua chake kilikuwa kikilia hivi hivi. Alitaka kutoka nje. Mimi ndiye niliyemshikia shuka."