Kunguru Aliyetiwa Mafuta

Mtu akiniuliza nilifanya nini mwaka uliopita, namjibu kwamba niliandika. Ni uongo wa heshima. Ukweli ni kwamba nilitengeneza bawa. Nilitengeneza la kwanza, kisha la pili, kisha nikalirudia la kwanza kwa sababu lilikunjika kama mkono wa mtu anayewapungia wageni arusini, na ndege hapungi hivyo.

Ninaishi peke yangu Nengo, mtaa wa mlimani juu ya ziwa, katika nyumba iliyokuwa ikitutosha watu watatu. Mke wangu alipata kazi Ubelgiji, akaenda na binti yetu aliyekuwa na miaka tisa. Tulikubaliana kwamba nitawafuata mambo yakikaa sawa. Yamekaa sawa: wao huko, mimi huku. Hatukugombana hata kidogo. Tungegombana, angalau ningekuwa na cha kuandika. Kazi yangu ni makala za Kiswahili, nikiwa katika mji unaosali na kununua nyanya kwa Kinyarwanda, kwa hiyo nimezoea kuzungumza na watu ambao hawamo chumbani.

Kila Jumapili mchana nampigia binti yangu kwa video. Mwaka wa kwanza tulikuwa tukizungumza saa nzima. Siku moja, katikati ya maongezi, aliona kunguru ametua ukutani nyuma yangu, mmoja wa hawa wenye aproni nyeupe wanaotembea kama maofisa wa forodha. Akaniomba nimguse. Nikamwambia huyu hashikiki, ila nitakutengenezea wako, na ataruka. Nilikuwa nimetazama video za watu wanaotengeneza filamu kwa kumsogeza mdoli kidogo, kupiga picha, kumsogeza tena, kupiga tena. Picha zikiunganishwa, mdoli anatembea. Nilikadiria kazi ya Jumamosi mbili. Nina shahada ya chuo kikuu, na makadirio yangu yote ni ya namna hiyo.

Kwa miezi mingi swali lake la kwanza kila Jumapili lilikuwa: ameruka? Baadaye likawa swali la mwisho, tukiwa tunaagana. Baadaye halikuulizwa tena. Sasa ana miaka kumi na minne, na maongezi yetu yamebaki na afya, mvua na mitihani. Mwaka jana hakupokea simu Jumapili mbili mfululizo. Mama yake aliniandikia kwamba alikuwa kwa rafiki yake, hakuna tatizo, na mimi niliamini kwamba hakuna tatizo. Hilo ndilo lililoniogopesha. Kitu cha namna hii hakifi kwa ugomvi. Kinakufa kwa sababu watu wawili hawana cha kuonyeshana. Nikaamua kwamba kunguru lazima aruke kabla simu haijanyamaza kabisa.

Mdoli wa aina hiyo huhitaji mifupa. Sponji na kitambaa peke yake hulala chali. Ndani lazima kuwe na viungo vya chuma: goroli mbili zinabanwa kati ya vibati viwili, na skrubu katikati ya kuvikaza. Skrubu ikilegea, bawa linaanguka. Ikikaza mno, ukisogeza bawa ndege mzima anageuka nalo. Kiungo kinapaswa kuukubali mkono wako na papo hapo kuukataa uzito wa bawa. Mimi ninajua kueleza jambo hilo kwa aya tatu nzuri, lakini kulifanya siwezi, ndiyo maana nilimtafuta fundi.

Fundi niliyempata anafanya kazi karibu na mpaka mdogo, ule wa kuvuka kwa miguu kwenda Goma. Anatengeneza baiskeli za magurudumu matatu wanazoendesha kwa mikono wafanyabiashara wenye ulemavu, zile zinazovuka kila asubuhi zimejaa mizigo hadi huoni dereva. Nilimpelekea mchoro wangu. Akaugeuza, akaugeuza tena, akaniuliza kama ndege huyu atabeba mtu. Mama mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli yake akisubiri mnyororo alijibu kabla yangu, akiniita mwalimu kwa sababu ya ule mchoro.

“Mwalimu amechoka na barrière. Anataka kupita juu, atuachie jeton yake.”

Barrière ni kizuizi cha mpakani, na jeton ni kile kikaratasi cha kuvukia. Wote wakacheka, na mimi nikacheka kwa kuchelewa kidogo, kwa sababu nimeshaandika makala tatu kuhusu ndege wasiojua mipaka, na hakuna hata moja iliyomchekesha mtu.

Kwa muda wa kama miezi miwili nilikwenda pale kila Jumamosi asubuhi. Tulivunja ncha tatu za kutobolea kwenye goroli za kwanza, maana chuma cha goroli ni kigumu kuliko drili. Fundi akasema goroli lazima ilale kwanza. Akazipanga kwenye mbabula, jiko lake la makaa, hadi zikawa nyekundu, akazizika ndani ya majivu, akazifukua kesho yake zimelainika, akazitoboa kama mtu anayetoboa muhogo. Mifupa ya mabawa, iliyochomekwa kwenye matundu hayo, ilitoka kwenye spoku za gurudumu bovu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikishika hiki na kile, na mara nyingine nilibaki hata baada ya kazi yangu kuisha. Hakuna aliyeniuliza kwa nini siendi nyumbani. Niliwashukuru kimoyomoyo.

Mifupa ilipokaribia kukamilika, niliikaza mwenyewe, skrubu moja moja, siku nzima. Kunguru akasimama na mabawa wazi bila kutikisika. Ilibaki kuchomelea spoku mbili za mwisho na kufunika kiungo cha bega la kushoto, ambacho kifuniko chake kilikuwa kikichomoka. Nikamwachia fundi siku tatu.

Niliporudi alikuwa amemweka juu ya kitambaa safi. Alitabasamu, akampulizia pumzi kidogo. Mabawa yote mawili yakaanguka.

“Sasa iko inacheza muzuri,” akasema. “Ilikuwa nguvu sana, mwalimu. Nilisikia huruma, nikaitia mafuta kila fasi.”

Nilimweleza kwamba kazi yote ya kiungo ilikuwa kuwa kigumu. Nilieleza vizuri, naamini, kwa mifano. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu aliyeingia kwenye karakana na kudai kwamba maji hayafai kunywewa. Katika kazi yake, kiungo kigumu ni ugonjwa. Amewaona watu wakipanda mlima kwa mikono juu ya ekseli iliyokauka, na jioni hawawezi kuinua kijiko.

“Kiungo nguvu inaua bega,” akasema.

“Huyu ni ndege, fundi. Hana bega.”

“Na hii nini?” Akaweka kidole hasa pale palipokuwa na bega. “Ni we uliichora. Umeandika hata jina.”

Nilikuwa nimeandika kweli. Nikamshukuru, maana alikuwa amenifanyia hisani, nikamfunga kunguru ndani ya gazeti na kupanda naye Nengo. Nyumbani nilivifungua viungo vyote, nikavisafisha kwa petroli, nikapitisha msasa kwenye kila goroli hadi vidole vikachubuka. Viungo vikashika tena. Vyote isipokuwa bega la kushoto. Lile fundi alikuwa amelifunika na kulichomelea kwa uangalifu mkubwa, mafuta yakiwa ndani, na hapakuwa na njia ya kulifungua bila kulivunja. Ningeweza kumrudishia aanze upya. Lakini Jumapili iliyotangulia simu ilikuwa imedumu dakika nne, mbili kati ya hizo akitafuta chaja.

Nikamvika kunguru sponji na kitambaa, nikamning’iniza juu ya meza kwa nyuzi nyembamba, nikaanza kupiga picha na bega lile lile. Niliziba dirisha kwa blanketi, kwa kuwa mwanga wa ziwani hubadilika kila wingu linapopita, na katika filamu ya namna hii wingu moja linaonekana kama tetemeko. Jirani alipoona dirisha limezibwa mchana kutwa akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, natengeneza filamu ya ndege. Akasema pole vilevile.

Bawa la kushoto lilikuwa likishuka nikihesabu hadi tatu. Kwa hiyo: inua, shikilia kwa kidole, toa kidole, bonyeza, yote kabla ya tatu. Picha kumi na mbili kwa sekunde moja ya filamu, na nilitaka sekunde sita. Nilifanya hivyo siku mbili, peke yangu, mlango umefungwa, nikijizuia kupumua. Mahali fulani katikati niligundua kwamba nazungumza. Nilikuwa nikimwambia kunguru, kwa ile sauti ya Jumapili, subiri kidogo, usiende bado.

Akaruka. Siwezi kusema aliruka vizuri. Alikatiza meza kama mtu aliyebeba ndoo mbili, moja ikiwa na maji zaidi. Lakini miguu haikugusa meza, na mwishoni alikunja mabawa jinsi kunguru wanavyokunja kweli, kwa kujisikia.

Jumapili sikupiga simu. Nilituma filamu, nikakaa. Baada ya robo saa likaja jibu: kidole gumba. Kile kidogo cha njano, ambacho hata mimi huwatumia watu ninaotaka waniache. Nikaenda kuchemsha chai. Nikaosha kikombe kisafi. Nilijiambia kwamba msichana wa miaka kumi na minne hana deni la kushangilia ahadi aliyopewa akiwa mtoto, na kwamba ningefanya nini, mimi na spoku zangu.

Yalipita karibu masaa mawili, simu ikalia mezani. Kwa muda mrefu alikuwa akiniandikia Kifaransa tu, kifupi, bila alama. Safari hii aliandika kwa Kiswahili chetu cha nyumbani.

“Papa, iko mukono yako ndani.”

Sikuelewa. Nikaitazama filamu mara nne bila kuona kitu. Hatimaye nikazipitia picha zenyewe. Katika ya arobaini na moja nilikuwa nimechelewa: kidole bado kiko chini ya bawa, na nyuma yake mkono wangu mzima hadi kwenye kifundo. Picha hiyo hukaa kwenye kioo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Anayetaka kuiona lazima aisimamishe filamu, airudishe, aisogeze picha moja moja, tena na tena.

Nikaandika kwamba ni kosa, nitaitoa.

“Usitoe,” akaandika. Kisha: “Imezeeka, mukono yako.”

Nikamjibu kwamba ni taa ya mezani, inaongeza makunyanzi.

“Onyesha bila taa.”

Nikazima taa, nikaliondoa blanketi dirishani. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limeingia hadi ukutani. Nikamweka kunguru pembeni, nikalaza mkono juu ya meza, nikapiga picha moja, nikaituma bila kuitazama.