Wimbo wa Mbuzi Uliomnyamazisha Zainabu

Msinitazame hivyo. Jambo hili lilitokea Koboko, nyumbani kwetu karibu na mpaka wa Kongo, mwaka 1979, saa kumi alasiri, jua bado kali. Hao wanaosema mashetani hutoka usiku tu, wanajua nini? Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nikaliona kwa macho haya, na hata leo nikilikumbuka damu inanichemka.

Baba yangu alikuwa askari. Mwaka 1972 alikuja likizo kupitia Arua, akatuletea gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na sahani moja tu ya santuri. Moja! Na wimbo wenyewe wa upuuzi: mbuzi kaiba tarbushi ya shehe, kaivaa, kaenda nayo sokoni kununua majani. Kila ubeti ukiisha, mbuzi analia "meee". Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha mimi nikaiangusha ile sahani ikapata mkwaruzo, na tangu siku hiyo sindano ikifika kwenye tarbushi ilikwama: "kavaa tar... kavaa tar... kavaa tar..." mpaka mtu aisukume kwa kidole.

Baba akija likizo, alitoa salamu tangu barabarani, ndipo akaanza kuimba. Mdogo wangu Zainabu ndiye alikuwa mbuzi wake. Alilia "meee" na kumkimbilia. Utotoni sikujua furaha iliyozidi hiyo.

Mwaka huo wa 1979, mwaka wa vita, Baba hakurudi. Barua hakuna, habari hakuna. Watu walikuwa wanavuka mpaka, na sisi tulikuwa tumefunga mizigo tupite Midia tuingie Kongo. Gramafoni ilikuwa sandukuni, sanduku limefungwa kamba. Mama alikuwa ameenda kuteka maji. Ndipo tukausikia ule wimbo nyuma ya jiko, kwa sauti ya Baba, wallahi.

Zainabu, miaka tisa, akaruka. Haboba, yaani bibi yetu mzaa Baba, akamshika mkono.

"Nyamaza! Salamu iko wapi? Mutoto yangu hawezi kuingia kwa boma bila salamu."

"Ni Baba!"

Na mimi mpumbavu nikasema, "Haboba, wacha yeye aende. Baba iko nachoka na njia." Ulimi huu ningeukata siku ile! Haboba akalegeza mkono. Zainabu akalia "meee" na kutoka mbio.

Nikamfuata. Baba alikuwa amesimama kando ya kuni na magwanda yake. Viatu vilikuwa safi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha na ua wote ni tope. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa, na wimbo unatoka! Ulipofika kwenye tarbushi, ukakwama: "kavaa tar... kavaa tar..." Niambie, mtu gani anakwama kama sahani iliyokwaruzwa? Akanyoosha kidole kimoja, akamgusa Zainabu kooni. Nikapiga ukelele, nikamrushia ukuni. Ukuni ukaanguka chini. Hapakuwa na mtu, wala alama ya kiatu kwenye tope.

Zainabu hakutoa sauti tena. Tulimpeleka kwa mashehe, kwa mapadri, kwa waganga wa Kongo. Wapi! Baba naye hatukumwona, wala kaburi lake. Nakichukia kile kitu kilichovaa sura yake na kuuchukua wimbo wetu, nakichukia mpaka kesho.

Lakini subiri. Miaka kumi baadaye, huko ukimbizini, mzee mmoja muuza ngozi alimposa Zainabu. Yeye hakumtaka. Siku ya kufunga ndoa tulikaa nyuma ya pazia, wazee upande wa pili wakauliza, "Binti, iko nakubali?" Kimya. Kwetu msichana akinyamaza, amekubali. Alikuwa anatikisa kichwa, ananifinya mkono mpaka kucha zikaniingia!

Nikapiga kelele, "Anakataa! Huyu bubu, wazee, nyinyi iko najua!"

"Funga mdomo," wakaniambia. "Tumeuliza yeye, hatukuuliza wewe." Wakasoma fatiha, ndoa ikafungwa.

Basi wafundisheni watoto wenu: asiyetoa salamu asiitikiwe, hata akiwa na sura ya baba yao. Na wewe mzee wa kuozesha, usiniletee hiyo ya kunyamaza ni kukubali. Inuka, fungua pazia, umtazame msichana. Pale palikuwa na wazee saba, na hakuna aliyeinuka.