Chuma Kinachosema "Niko Muzima"

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tano, asubuhi ya mvua. Nilikuwa nikipima maharagwe dukani petu hapa Walikale, wafanyabiashara wenzangu wakaleta barua ya kupinga kanuni zinazopendekezwa: kwamba vyuma vinavyozunguka ndani ya mota za ndege na helikopta vihesabiwe safari zake, na vikitimiza kikomo vitolewe, hata kama havina ufa. Wewe, Kavira, ulinisogezea kalamu.

"Mama, saini tu. Ndege zikikawia, chumvi tutatoa wapi?"

Sikusaini, nawe ukanuna. Jibu langu ni hili, mwanangu.

Nilikuwa na umri wako, nikirudi Goma kufanya mtihani wa mwisho wa chuo. Ndege ilikuwa imetua juu ya barabara ya lami, maana kwetu ndiyo uwanja, pikipiki zikasimama kando zikingoja iruke. Haikuruka. Fundi wake, mzee mwenye mvi, alisema kwa hesabu yake mwenyewe chuma kimoja cha mota kimemaliza safari zake. Babu yako, aliyenisindikiza, alipandwa na hasira.

"Fundi, iyi chuma iko muzima! Ufa unaona wapi?"

"Ufa hakuna, Papa."

"Sasa?"

"Papa, asubui nilikusalimia, ukajibu uko muzima. Tangu pale unakohoa tu. Chuma nayo inasemaka vile: niko muzima, niko muzima, mpaka siku inavunjika."

"Basi uipatie dawa ya kikohozi, turuke!"

Watu walicheka, fundi naye akacheka. Lakini hakubadili neno.

Mtihani ulinipita, nikarudia mwaka. Wala hakuna aliyewahi kunionyesha kwamba chuma kile kingevunjika. Usalama, mwanangu, hauna shahidi. Aliyefika hajui alichoepushwa. Wahenga walituonya tuzibe ufa, lakini ufa usioonekana hawakutuachia methali yake.

Nimechoka, Kavira. Vita, barabara zilizokatika, kungoja mizigo. Na kila anayeingia dukani huniuliza hali, nami hujibu niko muzima. Ndiyo maana nakielewa chuma kile.

Basi usikiamini kitu kwa sababu tu bado kinatembea. Kipumzishe kabla hakijakuangusha, hata wenye haraka wakikucheka. Duka likikosa chumvi litafungwa, kisha litafunguliwa tena. Lakini anayepanda ndege hizo kufuata mzigo wetu ni wewe. Kawia ufike. Na Mungu aliyekutoa tumboni mwangu akurudishe mlangoni pangu kila safari, miguu yako ikanyage lami kwa upole.

Majuma machache baada ya Jumanne ile nilipeleka barua yangu mwenyewe kwa wanaokusanya maoni kuhusu kanuni zile. Ilisema hivi tu: "Mimi ni mfanyabiashara wa Walikale. Binti yangu husafiri kwa ndege hizo. Sisi tutangoja."