Kidole Gumba cha Fundi Laini

Pale gereji hakuna aliyekumbuka tena jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Fundi Laini basi, na hata mkewe, akikasirika, alimwita hivyohivyo. Kwa miaka thelathini alikuwa akinyoosha mabati ya magari yaliyogongwa, akiyapaka puti ya kuziba mabonde na kuyasugua kwa msasa mpaka yakawa kama hayajawahi kuguswa na kitu. Na alipomaliza kusugua, hakutazama. Alifumba macho, akapitisha kiganja juu ya bati taratibu, na akikuta wimbi la unene wa uzi alisimama papo hapo. "Hapa bado," alisema, akaanza upya.

Sifa yake ya pili ilikuwa kununua. Wateja wake hawakuwa watu wa fedha. Magari yao yalikuwa yakiishi kwa maombi. Msasa wa bei mbaya na puti ya makopo yenye picha za magari ya mashindano havikuwa vya kwake. Ila alijua kuchagua kilicho rahisi na kizuri. Akiingia dukani aliukunja msasa aone kama karatasi inavunjika, kisha akausugua kwa kidole gumba, asikilize kama punje zinabanduka au kama kuna kubwa iliyojificha kati ya ndogo.

"Shemeji," mwenye duka alimwambia siku moja, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kujaza chumba, "kama ungeoa kwa uangalifu huo ungekufa kapera."

"Kwani sikuoa hivyo?" alijibu. "Dada yako nilimpima kwanza kwa msasa wa namba mia nne, ule laini kabisa."

Basi Jumatatu moja akaja mwalimu mstaafu, mzee mtaratibu wa shati lililopigwa pasi, na gari lake la buluu. Mlango wa kushoto ulikuwa umebonyea. Geti lilikuwa limejifunga lenyewe kwa upepo likaugonga.

"Nataka kuliuza, fundi," alisema. "Mke wangu haoni vizuri, inabidi afanyiwe upasuaji wa macho. Mnunuzi anakuja Jumamosi. Akiona mlango umetengenezwa vibaya atasema gari lilianguka, atanitupia bei ya kunitukana."

"Mzee wangu, hataujua hata mlango wenyewe ni upi."

Aliondoka pale kwenda dukani kifua mbele. Msasa aliouzoea ulikuwa haupo. Mwenye duka akamtandikia aina mbili mpya mezani, ghali na rahisi, zote zina namba mgongoni, zote kijivu. Fundi Laini akachukua ule wa rahisi, akaukunja, akaweka kidole gumba na kusugua.

Hakusikia kitu.

Akasugua tena, kwa nguvu zaidi. Ni kama mtu anayepapasa kwa glavu. Ganzi hiyo haikuanza siku ile; miezi kadhaa vidole vilikuwa vikimchonyota, na asubuhi vifungo vya shati vilikuwa vikimtoroka. Alikuwa akijiambia ni uchovu. Sasa alisimama mbele ya mwanamke aliyemfahamu miaka ishirini, na aibu ikampanda kama homa.

"Vipi shemeji, umelala?"

"Huu wa rahisi ni mzuri," alisema, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. "Nipe namba themanini, mia mbili na arobaini, na mia nne. Na ile puti ya kopo dogo." Puti hakuifungua hata kuinusa. Alitaka kutoka tu.

Alifanya kazi kama alivyofanya siku zote. Namba themanini ikashusha puti iliyozidi, ile ya kati ikafuata, mwisho mia nne kwa maji, mkono ukizunguka polepole. Kisha akafumba macho na kupitisha kiganja. Kila mahali palimwambia tayari. Alijua kwa nini, moyoni alijua, lakini akajikaza.

"Unauonaje?" alimuuliza mchomeleaji, jirani yake wa pale gereji.

"Nikuambie mimi? Wewe ndiye Laini!" Mchomeleaji akacheka, akarudi kwenye vyuma vyake.

Alhamisi akapulizia rangi. Ijumaa asubuhi jua lilipopiga ule mlango, Fundi Laini alibaki mdomo wazi. Chini ya rangi kulikuwa na mikwaruzo ya duara, kama kuku amechakura, na katikati bati lilikuwa likipanda na kushuka. Ule msasa ulikuwa na punje zisizolingana. Zamani angeukataa kabla mwenye duka hajamaliza kusema bei.

Akakimbia dukani, akanunua ule wa ghali kwa hela ya nyumbani, akasugua upya asubuhi nzima. Kisha akaenda kumshika mchomeleaji mkono.

"Njoo unipitishie kiganja hapa."

Mchomeleaji alitaka kutania, akaona uso wa mwenzake, akaja. Alipapasa. "Hapa kuna shimo, fundi."

"Wapi?"

"Hapo. Hapohapo ulipoweka kidole chako."

Baadaye mchomeleaji akajaribu kumwelekeza, ongeza huku, punguza kule, lakini mikono yake ilikuwa ya moto na chuma, na haikuwahi kujifunza kazi ile. Jioni wakapulizia rangi juu ya kilichokuwepo.

Jumamosi mnunuzi hakuchukua muda. Alichuchumaa, akautazama mlango kwa ubavu, akaugonga kwa kifundo cha kidole. "Hili lilishaanguka," alisema, akapanda pikipiki yake akaenda zake.

Mwalimu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama akiushika mlango wa gari lake, kisha akasema, "Ungeniambia tu, ndugu yangu. Ningetafuta mwingine."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Lakini macho ya mke wangu je?"



Wiki iliyofuata mkewe alimburuta hospitali. Daktari akamchoma vidole kwa sindano, kimoja kimoja, akimuuliza unasikia, na yeye akitazama ukutani akajibu hapana, hapana, hapana. Ni sukari, alikuwa nayo siku nyingi bila kujua. "Dawa zitazuia isiendelee," daktari alisema. "Lakini ganzi iliyokwisha kuingia, sikudanganyi, haitoki."

"Hata kidogo?" mkewe aliuliza.

"Hata kidogo, mama."

Gari la buluu liliuzwa baadaye kwa mtu mwingine, kwa bei ya kutupa. Mwenye duka ndiye aliyeleta habari: mke wa mwalimu alifanyiwa jicho moja, la pili wakaambiwa lisubiri, na zamu yake ilipofika lilikuwa limechelewa.

Wateja wa Fundi Laini waliisha taratibu, hakuna aliyemtukana. Leo yupo uani kwa fundi wa mtaa wa pili, anabandua rangi kuukuu kwenye mabati kwa msasa mkavu wa namba themanini, kazi ambayo haihitaji vidole kujua chochote. Anafanya haraka na haongei sana. Mara nyingine mtu anapita na kumwambia, "Fundi, unatoka damu." Ndipo anatazama mkono wake, anaufunga kitambaa, na kuendelea.